Mwalimu Asiyelala Chini

Mwalimu wetu wa michezo hakujua kucheza. Nalisema hili mapema kwa sababu yeye mwenyewe alilitangaza kwa fahari, kama mtu anavyotangaza kwamba hajawahi kulazwa hospitali. Harusini alikaa karibu na sufuria. Kanisani, kwaya ilipoanza kuyumba kushoto na kulia, yeye alisimama wima katikati ya safu kama nguzo ya stima ambayo watu wameamua kuizunguka wakiimba. Na huyu ndiye aliyetufundisha, mimi na wasichana wengine kama ishirini wa shule ya kutwa pale Iftin, mjini Garissa, kile ambacho watu wa Nairobi hukiita dansi ya kisasa. Yeye hakuwahi kukiita hivyo.

"Mimi nafundisha mchezo," alisema. "Dansi ni ya watu wenye redio."

Alikuwa mwanamke mpana kutoka Meru, mwenye kicheko kifupi na viatu vya raba vilivyooshwa hadi vikasahau rangi yao. Shingoni alining'iniza firimbi ya kijani kwa kamba ya kiatu. Aliipuliza mara chache sana. Zaidi aliitafuna, na ukiisikia ikitoa sauti nyembamba, kama kifaranga ndani ya sanduku, ulijua kwamba anafikiri na kwamba ni heri usiwe karibu.

Mama yangu alikuwa muuguzi, wa bara kama yeye, na Jumapili baada ya ibada walikunywa chai kwetu na kuisema Garissa. Joto. Vumbi. Korongo wale wakubwa wenye vipara, wanaotembea sokoni kama wakaguzi wa serikali. "Hapa hapakaliki," Mwalimu alisema, kisha akaaga mapema kwa kuwa alikuwa na mwarobaini wa kumwagilia. Aliupanda mwenyewe nyuma ya nyumba za walimu na kuugawia maji yake ya kuoga. Kila Januari aliandika barua ya kuomba uhamisho. Kila Januari aliileta kwetu mama aisome, na kabla mama hajafika kwenye "wako mtiifu" Mwalimu aliinyakua.

"Hii haifai. Nimekosea tarehe."

Kwa miaka yote niliyomjua, mwanamke huyu aliyeweza kusema matokeo ya voliboli ya wilaya nzima bila kutazama daftari alikosea tarehe kila Januari.

Namna alivyoingia katika kazi hii ni kosa la watu wengine. Barua ilifika shuleni ikialika mwalimu mmoja kwenye semina Nairobi, juu ya "mchezo wa kisasa na afya ya akili". Mwalimu mkuu wetu, aliyekuwa na shule ya watoto mia sita na vyoo vinne, aliisoma akiwa amesimama. Aliona "mchezo", akafikiria voliboli. Aliona "akili", akafikiria mtihani. Akamtuma Mwalimu na mipira miwili na pampu.

"Siku mbili nimekaa na mipira mapajani," alitusimulia, na alisimulia vizuri kwa sababu alikuwa bado amekasirika. "Watu wazima, wana mashahada ukutani kwao, wanatambaa sakafuni kama mijusi. Mmoja analia. Mwingine analikumbatia dirisha. Nikamuuliza jirani yangu, dada, mechi inaanza saa ngapi? Akaniambia, dada, mechi ndiyo hii."

"Na siku ya tatu, Mwalimu?"

"Siku ya tatu tulikula kuku."

Hapo hadithi iliruka hadi kwenye basi la kurudi. Niliiomba ile siku ya tatu mara nyingi, na kila mara nilipewa kuku. Lakini alirudi kutoka huko akaomba ufunguo wa maabara, na mipira ile miwili hakuipiga pampu tena.

Maabara yetu ilikuwa chumba kirefu chenye sakafu ya saruji, bomba zisizo na maji, na picha moja ukutani ya mifupa ya binadamu yenye majina yote. Vifaa vingine vilikuwa njiani tangu kabla sijazaliwa. Kila Jumatano saa tisa Mwalimu alifunga mapazia, sisi tukavua viatu, wenzangu wakavua na mitandio, tukacheza chini ya macho ya yule wa mifupa.

Hakukuwa na muziki. Hakukuwa na kioo. Alituambia tutembee kutoka ukuta hadi ukuta kama watu waliobeba mtungi wa lita ishirini. Kisha kama mtungi unavuja. Kisha kama uliachwa njiani na mikono bado haijapewa habari. Tulisimama wawili wawili mgongo kwa mgongo, tukaegemeana mpaka hakuna aliyejua nani anamshikilia nani. Tulianguka, polepole kwanza, goti, nyonga, bega, kama nguo inayoteleza kutoka kitini. Ukiuliza maana yake, firimbi ililia ile sauti ya kifaranga.

"Maana ni ya mwalimu wa Kiswahili. Nenda kwake. Hapa tunaanguka."

Habari za kuanguka zilifika mjini. Siku moja mwenyekiti wa wazazi, mzee mfanyabiashara wa ngamia mwenye ndevu za hina, alifungua mlango bila kubisha, akakaa kwenye kiti cha mwalimu, akasubiri wasichana wamalize kujifunika, kisha akatazama robo saa nzima akiwa ameweka kidevu juu ya mkongojo.

"Mwalimu, sema ukweli. Hii ni dansi ama mchezo?"

"Mchezo, mzee."

"Mbira iko wabi?"

"Mpira umetoka upepo."

Mzee akafikiri. Katika Kisomali, rafiki yangu Hodan alinieleza baadaye, ni neno moja tu, *ciyaar*, la mpira na la ngoma, kama sisi tunavyocheza vyote viwili kwa kitenzi kimoja. Kwa hiyo swali la mzee lilikuwa gumu kuliko alivyokusudia. Akajaribu upande mwingine.

"Na kwa nini hawa wasichana naanguka-anguka hifi?"

"Hawajashiba, mzee. Saa tisa hii, tangu chai ya asubuhi."

Mzee alinyanyuka, akaenda zake. Jumatano iliyofuata pikipiki ilileta madumu mawili ya maziwa ya ngamia, na ikaendelea kuyaleta mpaka tukamaliza shule. Hivyo ndivyo kundi letu lilivyopata kibali cha wazee.

Dakika kumi za mwisho zilikuwa za kulala sakafuni. Hapa Mwalimu alifanya jambo lililomletea sifa kubwa. Hakutoa amri kwa Kiswahili. Alisema, kwa matamshi ya Kimeru yasiyoweza kusamehewa, "*Jiifso*." Ni Kisomali, lala. Ni la kumwambia mtu mmoja, na yeye aliwaambia watu ishirini, na Hodan alipomsahihisha alisema asante na kuendelea kukosea. Kwenye mkutano wa wazazi mwenyekiti alisimama na kusema kwamba walimu wa bara wamekuja na kuondoka, lakini huyu ndiye wa kwanza kuiheshimu lugha yao. Mwalimu akapewa shali nzito ya rangi ya machungwa, katika joto lile, akaivaa mkutano wote kama adhabu. Maneno yake ya Kisomali yalikuwa sita. Manne yalikuwa ya chakula.

Tukishalala, alizunguka kati yetu akinong'ona sheria yake ya pekee: "Hakuna wa kukuinua. Utainuka ukitaka." Kengele ya saa kumi iligongwa, basi la walimu likapiga honi, mwalimu wa hesabu akaja mlangoni kudai wasichana wake, na Mwalimu akasimama kizingitini kwa upana wake wote. Wengine tuliinuka baada ya dakika mbili. Hodan alikuwa wa mwisho kila wiki. Alilala kwenye kona karibu na mlango, na aliniambia, kama mtu anayetaja jambo dogo, kwamba hapo ndipo mahali pekee anapoweza kufumba macho yote mawili kwa pamoja.

Yeye Mwalimu hakulala. Aliingia sakafuni mpaka magoti, alituonyesha kila anguko mpaka nyonga, kisha akaishia hapo na kusimama akijishika kiuno. Tulimuuliza, kama mtakavyokisia. Mara ya kwanza ilikuwa vumbi. Tulipofagia na kupiga deki, ikawa sketi. Alipokuja na suruali ya michezo, ikawa goti, kisha presha, na mwezi wa Ramadhani mmoja, ingawa ni Mmethodisti, alituambia kwamba amefunga.

"Mwalimu, wewe umefunga?"

"Nawaunga mkono. Jiifso."

Tulicheka sana. Nilikuwa na miaka kumi na saba na nilijiona mtu wa kuona mambo, nikaandika katika daftari langu kwamba ana aibu ya unene.

Kisha akaja mtaalamu. Shirika fulani lenye ofisi Dadaab, kwenye kambi za wakimbizi, lilisikia kwamba kuna mwalimu wa Garissa anayewatibu wasichana kwa dansi, na likamtuma kijana kutoka Nairobi aje kutazama na kupiga picha. Nataka kumtendea haki. Alikuwa mpole, alisalimia kwa mkono kifuani, na alipoona sakafu ina mchanga alichukua ufagio mwenyewe. Picha, alisema, zitaonyesha migongo tu, na hilo nalo aliliheshimu. Tatizo lake lilikuwa kwamba alijua tunaumwa wapi kabla hajatuuliza majina.

"Kiwewe hukaa mwilini," alituambia. "Leo tutakitoa. Kila mmoja anionyeshe maumivu yake, bila maneno."

Tukatazamana. Wasichana ishirini wenye adabu, mgeni ameomba kitu. Hodan akashika shavu na kukunja uso, akimwiga mtu mwenye jino bovu. Wa pili akapata jino pia. Ndani ya dakika moja maabara nzima iliumwa meno, na Mwalimu, pembeni, alikuwa ametia firimbi yote mdomoni ili asicheke.

Kijana hakukasirika. Alipiga makofi mara mbili na kusema kwa sauti ya kuchangamsha, kwa Kiswahili safi kabisa:

"Haya, tuanze upya! Wote, lala chini!"

Hodan alianguka. Sikuwahi kumwona akianguka hivyo. Hakukuwa na goti wala nyonga, alishuka kama kitu kilichokatwa kamba, kifudifudi, vidole vimefumana kisogoni. Nikageuka kumtafuta Mwalimu, naye hakuwepo pale alipokuwa amesimama. Alikuwa sakafuni. Kifudifudi, mikono kisogoni, vidole vimefumana vilevile. Mwili ule mpana ulikuwa umelala sawasawa na ule mwembamba, kama watu waliosomea shule moja, na nyuso zao zilitazamana, shavu juu ya saruji. Firimbi ilikuwa bado mdomoni mwake, na kila alipopumua ilipiga kelele.

"Safi sana!" alisema kijana. "Hiyo ndiyo hisia! Baki hapo hapo."

Akapiga picha.

Ilikuwa picha nzuri, nasikitika kusema. Mwaka uliofuata iliingia kwenye kalenda ya shirika, mwezi wa nne, na chini yake paliandikwa kwamba dansi huponya. Mama aliikuta imetundikwa kwenye ofisi fulani Dadaab alikokwenda kikazi, na alipomtambua Mwalimu akaomba kikombe cha maji.

Siku ile kijana alipoondoka tulikaa sote watatu kwenye baraza ya maabara, Hodan, Mwalimu na mimi. Hodan ndiye aliyeanza.

"Mimi nilikuwa na miaka minane. Tulikuwa kwa mjomba, Nairobi. Polisi walikuja alfajiri, wakatoa watu wa nyumba zote nje. Lala chini, toa kitambulisho. Baba amelala na mimi nimelala. Mimi sina kitambulisho, nina miaka minane. Nikafikiri hilo ndilo kosa langu." Akajifuta pua kwa mtandio. "Na wewe, Mwalimu? Nani alikulaza?"

Firimbi ililia kidogo.

"Basi letu lilisimamishwa njiani, mwaka wangu wa kwanza huku," Mwalimu alisema. "Wenye bunduki wakasema lala chini. Tukalala. Sijui muda gani. Halafu nikasikia magari, risasi, halafu kimya, halafu wanajeshi wetu. Wakasema lala chini. Waliokuja kutuua na waliokuja kutuokoa, maneno ni hayo hayo na sauti ni hiyo hiyo. Wakaja kuniambia yamekwisha, inuka mama, nami sikuinuka. Walinibeba. Kilo zote hizi." Alicheka kile kicheko kifupi. "Sasa mnajua kwa nini nilijifunza neno la Kisomali. Si heshima. Lile la Kiswahili halinitoki mdomoni. Msimwambie mwenyekiti, atataka shali yake."

"Siku ya tatu ya semina," nilisema.

"Walituambia tulale. Mimi nilisimama masaa mawili, na hakuna aliyenilazimisha. Ndiyo maana nikarudi na huu mchezo. Lakini kulala mwenyewe, kwa kutaka mwenyewe, bado. Na leo nimelala kwa kuamrishwa tena, mbele ya watoto." Akavua firimbi shingoni na kuifungia mfukoni. "Mchezo umekwisha."

Jumatatu aliandika barua ya uhamisho. Hakuileta kwetu. Tarehe ilikuwa sahihi na aliituma.

Hodan hakubishana naye. Hakuwa mtu wa maneno. Jumatano saa tisa alichukua ufunguo ofisini, akaingia maabara peke yake, akaacha mlango wazi, akalala kwenye kona yake. Jumatano ya pili nilikwenda naye, nikakaa chini ya picha ya mifupa. Macho yake yalikuwa wazi, yote mawili, yakitazama mlango. Mwalimu alipita barazani na vitabu vyake. Akapita tena, bila vitabu. Wiki ya tatu tulisikia kifaranga ndani ya sanduku, kisha kivuli kikubwa kikasimama kizingitini, kikageukia nje, kama askari.

"Jiifso," kivuli kilisema. "Nimesimama hapa. Hakuna atakayepita."

Hodan akafumba macho.

Kundi likarudi. Jibu la uhamisho lilichukua miaka miwili kufika, nalo lilikuwa ndiyo. Mwalimu alilikunja mara nne akazibia nalo dirisha la maabara lililokuwa likigonga kwa upepo, na Jumapili iliyofuata alikuja kwetu, akanywa chai vikombe vitatu, akaisema Garissa kwa ukali ambao mama hakuwa ameusikia kwake kabla ya hapo.

Nilirudi mwaka jana. Nilikuwa nimeandika riwaya, jambo ambalo huko nilikotoka hukufanya ualikwe chakula, na huku hukufanya uulizwe kama umeolewa. Hodan sasa ni mwalimu wa shule ileile. Mwalimu wa Michezo alikuwa amebakiza wiki tatu astaafu. Mwarobaini wake ulikuwa umepita paa.

"Nilikiona kitabu chako," aliniambia. "Jalada zuri."

"Umekisoma?"

"Nimesema jalada."

Ilikuwa Jumatano. Maabara ilikuwa imewekwa vigae vyeupe kwa hisani ya shirika, mapazia mapya, feni mbili. Vifaa vilikuwa bado njiani. Yule wa mifupa alikuwa pale pale, ila mtu alikuwa amemchorea firimbi. Kundi sasa liko mikononi mwa Hodan. Mwalimu huketi kwenye kiti karibu na mlango na kutafuna firimbi yake ya kijani. Niliwatazama wasichana wakibeba mitungi isiyokuwepo, wakiegemeana, wakianguka kama nguo. Hodan akasema neno lile, kwa wingi, kama inavyostahili, na wote wakalala.

Mmoja, mdogo, wa mwaka wa kwanza, alibaki ameketi.

"Madam, na wewe?" akamuuliza Mwalimu. "Wewe hulali?"

Nikatabasamu, nikisubiri vumbi. Lakini chini kulikuwa na kigae kinachong'aa. Nikasubiri goti, goti lilikuwa limefanyiwa upasuaji, na yeye mwenyewe alikuwa amenionyesha kovu asubuhi ile, akilisifu. Mwalimu alitazama sakafu. Alinitazama mimi, akamtazama Hodan, na Hodan akaondoka pale alipokuwa, akaenda kusimama kizingitini, akageukia nje.

"Nimesimama hapa," Hodan alisema bila kugeuka.

Mwalimu akavua raba, moja, ya pili, akazipanga. Goti, nyonga, kiganja. Hapo alikaa muda mrefu, amejishikilia kwa mkono mmoja. Kisha akajigeuza chali, si kifudifudi, akaliachia bega, na mwisho kichwa, taratibu, kama mtu anayeweka yai mezani. Firimbi ilikuwa bado katikati ya meno. Kila pumzi ilipotoka ililia kidogo. Wasichana wakaanza kucheka, kwanza mmoja, halafu wote, wakiwa wamelala, matumbo yakiruka. Naye aliwaacha wacheke.

Sauti ya firimbi ikawa ndefu zaidi, na ya mbali. Kisha ikakoma.

Kicheko kikafa. Yule mdogo akainuka kwa kiwiko, macho makubwa.

"Abaayo, dada," akamnong'oneza Hodan, "Madam amekufa?"

Firimbi ilikuwa imeteleza, iko shingoni. Kisha tukasikia, chumba kizima, mkoromo mmoja mzito, wa starehe, wa mtu wa Meru aliyekula akashiba.

"Amelala," Hodan alisema.

Kengele ya saa kumi ikagongwa. Basi la walimu likapiga honi. Barazani zilisikika hatua za mwalimu wa hesabu, zikafika mlangoni, zikamkuta Hodan, zikarudi. Hakuna aliyevaa viatu.

"Sasa ataamka saa ngapi?" yule mdogo akauliza.

"Akitaka."